Nairobi Ilichorwa na Choo

Kama unataka kujua serikali inauhesabu mtaa wako vipi, usiangalie barabara. Barabara hata nyinyi mtapewa moja, kura zikikaribia. Angalia mavi yako yanaenda wapi ukishamaliza. Poleni kwa lugha, lakini sheria nazo zimejaa maneno ya kuvaa suti, "maji taka", "maji machafu yatokayo viwandani", na hizo suti ndizo zimefanya watu wetu wasizisome. Leo tunasoma.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo usitarajie tanbihi. Lakini sheria za Kenya ziko mtandaoni bure, mtu yeyote mwenye bando anaweza kufungua. Nilianza na moja, ikanipeleka kwa nyingine, wiki tatu zikaisha.

Anza na neno kanjo. Siku hizi ukisikia kanjo unaona lori la kaunti na mama wa mboga akitoroka na beseni. Hilo neno ni Kiingereza cha baraza la mji, kimepondwapondwa na ndimi zetu mpaka kikawa chetu. Na baraza lenyewe lilipoanza, shida yake kubwa haikuwa wachuuzi.

Reli ilifika hapa mwisho wa Mei 1899. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi, na maji yalikuwepo kweli, mengi hata. Wahandisi walipapenda kwa sababu palikuwa tambarare, pazuri pa kuweka karakana na mabehewa kabla reli haijaanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kwa gari moshi ni pazuri. Kwa binadamu anayeenda haja kila siku, hapana. Udongo ni ule mweusi wa kunata, mvua ikinyesha unageuka uji, na pembeni palikuwa na kinamasi. Maji machafu hayakuwa na pa kwenda.

Mwaka 1900 wakoloni wakatoa kanuni za kwanza za mji. Nairobi ikawa eneo la maili moja na nusu kuzunguka ofisi ya naibu kamishna wa Ukamba. Basi, huo ndio mji. Kamati ndogo ikapewa kazi ya barabara, taa, polisi, na kitu kilichoitwa konsavansi. Leo konsavansi ni mahali unalipa pesa ndefu kuona faru. Wakati huo, kwa Kiingereza cha maafisa waliowahi kufanya kazi India, ilimaanisha kubeba ndoo za choo na kwenda kumwaga mbali. Kila nikisoma matangazo ya safari za konsavansi nacheka peke yangu.

Miaka miwili baadaye, 1902, tauni ikaingia bazaa ya Wahindi. Watu walikuwa wamejazana, hakuna mitaro, panya kila mahali. Daktari wa serikali akaamua dawa ni kiberiti, bazaa ikachomwa. Madaktari wengine wakaendelea kupiga kelele kwamba mji wote uhamishwe, upelekwe mahali pa juu pasipo na kinamasi. Hata Winston Churchill, aliyepita hapa 1907 akiwa na cheo kidogo katika wizara ya makoloni, aliona kwamba mahali palichaguliwa vibaya, na pia kwamba muda wa kuhama ulishapita. Pesa nyingi zilikuwa zimeshamwagwa.

Sasa, kama mji umekaa mahali pabaya na hauwezi kuhama, una njia mbili. Unaweza kuchimba mitaro na kulaza mabomba kwa kila mtu. Ama unaweza kupanga watu upya, wengine wakae pazuri na wengine wakae pabaya. Mwaka 1913 Uingereza ilimtuma profesa wa afya, W. J. Simpson, aje aangalie Afrika Mashariki. Akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wawe na maeneo yao, kila rangi mbali na nyingine. Sababu aliyoandika ilikuwa afya. Soma hiyo tena taratibu. Ugonjwa umetokana na kukosa mitaro, na tiba ni kutenganisha rangi.

Ukishapanga watu hivyo, bomba la maji taka linajua lenyewe pa kwenda. Upande wa magharibi na kaskazini, Upper Hill, Parklands, Muthaiga, ardhi ni nyekundu, iko juu, inanywa maji. Upande wa mashariki ni tambarare ya udongo mweusi. Unajua tayari nani aliwekwa wapi.

Waafrika walikuwa na vijiji vyao ndani ya mji, Pangani, Mombasa, Maskini, Kileleshwa. Ndiyo, Kileleshwa, unayoijua kwa fleti za bei ya figo. Vilifagiliwa kimoja baada ya kingine kuanzia miaka ya 1920, na kila mara wimbo ulikuwa ule ule, uchafu na magonjwa. Watu wakasukumwa Pumwani, ambako baraza lilipima viwanja, likaweka mifereji michache ya maji na vyoo vya jumuiya. Pangani ndiyo ilikaa ngumu, ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakaaji wakaonyeshwa nyumba mpya za baraza. Wazee husema jina Shauri Moyo lilitoka hapo, kwamba kuhama ama kutohama lilikuwa shauri la moyo wa mtu. Kama hadithi hiyo ni ya kweli kabisa ama imeongezwa chumvi, bado naipenda.

Katikati ya hayo yote ikaja sheria ambayo mpaka leo inatutawala, Sheria ya Afya ya Umma ya 1921. Iko hai, Sura ya 242. Kifungu chake cha 118 kinataja vitu vinavyohesabiwa kuwa kero, na humo utakuta choo, mtaro, shimo la maji machafu, bomba la maji taka, chochote kati ya hivyo kikiwa katika hali ya kudhuru afya. Ukiwa na kero unapewa notisi uiondoe, usipoiondoa unapelekwa kortini. Inasikika sawa. Shida iko kwa neno dogo, "mwenye". Sheria inatafuta mwenye nyumba ama mkaaji wa ploti, mtu ambaye inaweza kumwandikia barua. Inamwona mtu mwenye ploti yake, ukuta wake, choo chake na bomba linalopita karibu na geti lake. Kwa mtu wa Muthaiga ya 1921 hiyo sheria ilikaa kama glavu. Kwa kibarua wa reli kule Muthurwa aliyelala chumba kimoja na wanaume wengine, choo kikiwa cha safu nzima, nani mwenye kero?

Jibu la mkoloni lilikuwa kwamba huyo kibarua hayuko. Yaani yuko kazini, lakini mjini ni mgeni, familia yake iko reserve, siku moja atarudi huko. Mgeni hajengewi bomba. Anapewa ndoo.

Uhuru ukaja, na mpaka wa mji ukavutwa mpaka karibu kilomita za mraba 690. Baraza lilikuwa letu sasa, na lilikuwa na nguvu ya kutunga sheria ndogo zake. Unadhani lilifanya nini na mitaa isiyo na mabomba? Mwaka 1970 kanjo ilipita ikibomoa vibanda vya watu. Ofisini ilikuwa ni ile sheria ya zamani, na kero ikawa ni mtu mwenyewe.

Lakini sitaki useme kwamba hakuna aliyejaribu, kwa sababu kuna Dandora, na ukweli wa Dandora unanivutia kuliko kitu chochote kwa hii historia. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na serikali walikubaliana juu ya mradi wa ploti kama 6,000. Wazo lilikuwa la kichwa chini: anza na choo. Mtu alipewa kiwanja ambacho tayari kina choo na bafu vilivyounganishwa na bomba la maji taka, halafu nyumba atajijengea mwenyewe polepole. Fikiria kusimama kwa uwanja mtupu na katikati kuna choo kinachofanya kazi. Kwa mara ya kwanza maskini wa Nairobi alionwa na sheria kama "mwenye".

Ikaharibika vipi? Si kwa njia moja. Wengine walipewa ploti wakahamia kwingine wakaipangisha. Waliobaki nao waliongeza vyumba, kisha ghorofa, kwa sababu kodi ni tamu na mji ulikuwa unafura. Choo kilichopimwa kwa familia moja na wapangaji wachache kikabeba umati. Bomba halipanuki kwa sababu umepata wapangaji. Linajaa, linaziba, manholi inatema. Halafu mtu anaiba kifuniko cha chuma akauze skrepu, shimo linajaa plastiki na mawe, na mtaa unaambiwa haujui usafi.

Kuna jambo lingine ambalo ramani ya mji haikuambii mpaka uangalie mwinuko. Nairobi iko juu upande wa magharibi na inashuka kuelekea mashariki, na maji taka hufuata mteremko kwa sababu kupampu ni ghali. Kwa hivyo choo kikivutwa Westlands, safari inaelekea Eastlands. Mtambo wa Kariobangi ulijengwa miaka ya mwanzo ya 60, na ule mkubwa, unaoitwa Dandora lakini uko Ruai, ukafuata baadaye. Ule wa Ruai ni mabwawa makubwa sana yaliyopangwa kwa mfululizo. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, bakteria wasiotaka hewa wanakula uchafu. La pili jua na mwani vinaongeza oksijeni. Ya mwisho yanaua vijidudu kwa mwanga. Hakuna mashine nyingi, ni muda tu na jua letu la bure. Mimi naona ni teknolojia safi. Lakini angalia imewekwa karibu na nani, na nani anavuta hiyo harufu asubuhi akienda steji.

Ile ya Kariobangi ina hadithi mbaya zaidi. Watu walikuwa wamejenga karibu na mtambo, kwa ardhi ambayo wao walisema waligawiwa na baraza miaka ya 1990, na kampuni ya maji ya mji ikasema ni ardhi ya maji taka. Tarehe 4 Mei 2020, korona ikiwa imepamba moto, kafyu iko, tunaambiwa kila siku kaa nyumbani na uoshe mikono, tingatinga zikaingia. Maelfu ya watu wakalala nje, ilhali korti ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha ubomoaji. Huo mtaa watu waliuita Sewage. Yaani hata jina walikuwa wamekubali.

Sasa tuingie kwa namba, na usiogope, ni chache. Mwaka 2006 zilitoka kanuni za ubora wa maji chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyozaa NEMA. Zinatumia kipimo kinachoitwa BOD. Chukua lita moja ya maji machafu, uliza bakteria watahitaji oksijeni kiasi gani kula uchafu uliomo. Namba ikiwa kubwa, hayo maji yakiingia mtoni yatanyonya oksijeni yote na samaki watakufa kwa kukosa pumzi. Kanuni zikasema, ukitaka kumwaga kwa bomba la umma, BOD isizidi miligramu 500 kwa lita. Ukitaka kumwaga mtoni moja kwa moja, isizidi 30.

Pale kati ya 500 na 30 ndipo kazi ya Ruai na Kariobangi ilipo. Mji unasema, nyinyi wenye kiwanda leteni uchafu kiasi fulani, sisi tutaumalizia. Kiwanda kikitaka kumwaga kwa bomba la umma, Sheria ya Maji inataka kiwe na ridhaa ya kampuni yenye leseni kwanza. Hiyo ni haki, ni kama kuomba ruhusa kabla ya kuweka mzigo kwa gari la mwenyewe. Ila mtambo unategemea bakteria, na bakteria ni viumbe. Mtu wa Industrial Area akifungua asidi ama rangi za nguo usiku, ameua wafanyakazi wa Ruai. Mabomba yetu hayachagui. Na hapo hapo, bomba la maji taka na mtaro wa mvua ni vitu viwili tofauti kisheria, huruhusiwi kuelekeza maji ya paa kwa bomba la choo. Tembea mtaani kwenu msimu wa mvua uhesabu ni ploti ngapi zimeunganisha mabati na manholi. Ndiyo maana Aprili manholi zinaruka kama chemchemi.

Kuchanganya hivyo kunaweza kuua. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwa bomba la mafuta, ikaingia kwa mtaro, ikateremka mpaka Sinai, ambako nyumba zilikuwa juu na kando ya huo mtaro. Moto ulipowaka watu zaidi ya 100 walikufa. Wengi tulikuwa shule ya msingi, tunakumbuka picha kwa habari za saa moja. Tuliambiwa walikuwa wanachota mafuta. Ni kweli wapo waliochota. Wapo pia waliokuwa wamelala.

Rudi sasa kwa mtu asiye na bomba kabisa, Kibera, Mathare, Mukuru. Sheria inamwambia asimwage mtoni. Sawa. Choo cha shimo kikijaa aite eksosta, lile lori la kunyonya. Lori haliingii kwa kichochoro cha mita moja. Basi anaita vijana wenye mkokoteni na mapipa, wanateka kwa ndoo, usiku, bila glavu, na wakitoka hapo mahali pa karibu pa kumwaga ni mto. Kila hatua ya hiyo kazi imekatazwa, na mtaa ungekufa kipindupindu bila hiyo kazi. Usiku mama anaogopa kutoka na mtoto, choo kiko mbali na giza lina wenyewe, ndipo mfuko wa plastiki unatumika na kurushwa. Dunia nzima ikaandika kuhusu choo cha kuruka cha Kibera kama mzaha. Umbali wa kile choo kingine haukuandikwa sana.

Kuna wakulima kule Maili Saba waliowahi kuziba bomba kuu kwa makusudi ili maji taka yafurike yanyweshe mboga. Ni hatari, usinielewe vibaya, ile sukuma ina wadudu. Lakini ni watu waliotazama mto wa mbolea ukipita bure chini ya shamba lao kwa miaka.

Na mto haukomi Ruai. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, halafu bahari pale kaskazini ya Malindi. Katikati kuna watu wa Machakos, Makueni, Kitui wanaochota, na sasa kuna Bwawa la Thwake linalojengwa kuyakusanya maji hayo hayo. Kwa hiyo hii kesi ya choo chako ina mashahidi mpaka Pwani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi pamoja na mitaro ya mvua. Lakini sheria ambayo mtu wa Mathare anaijua kwa mwili wake ni nyingine, ile ya ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30 kutoka pale mafuriko yalipowahi kufika juu zaidi. Ndiyo, imewahi kugusa matajiri, mwaka 2018 Ukay Centre na South End Mall zilianguka na wengi tulishangilia. Lakini wenye mall walikuwa na mawakili. Baada ya mafuriko ya 2024, Mathare walipata tingatinga na ahadi ya shilingi 10,000 za kuhama. Kuhamia wapi kwa elfu kumi, na huko kuna choo?

Mukuru ndiko kuna kitu kipya. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, yaani zile kanuni za kawaida za upana wa barabara na ukubwa wa ploti zikawekwa kando kidogo ili mipango itoshee mtaa ulivyo. Matokeo yake ni mabomba ya maji taka membamba, yasiyochimbwa chini sana, yanayopita kwa vichochoro. Kwa miaka tuliambiwa haiwezekani, kumbe kilichokuwa hakiwezekani ni kitabu cha vipimo.

Nina swali moja kwa kaunti kabla bomba halijafika kila mlango. Choo kikishaingia ndani ya ploti, kodi ya chumba itapanda, na landilodi wengi wa Mukuru hawaishi Mukuru. Dandora choo kilikuja kwanza, na kuna waliopewa ploti ambao hawakuwahi kulala hapo hata usiku mmoja. Safari hii nani anaandikwa kama "mwenye"?